Nafasi Kati ya Every na Day

Wenzangu wa idara ya Kiingereza, mmeniomba niandike jinsi tulivyofundisha zamani, kabla kila mmoja wenu hajawa na kamusi kwenye simu. Nitaandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache, na kimoja nilikipata kwa sababu aliyekusudiwa alikuwa na malaria siku ya kikao. Nitaeleza jambo moja lililonisumbua miaka yote ya kazi: kujua ni lini Kiingereza kinaandika neno moja na ni lini kinaandika mawili. Wanafunzi wenu wanakosea hapo kila wiki, nanyi mnakasirika. Mimi nilikosea hapo kuliko wote, na kosa langu halikuishia kwenye daftari.

Nilirudi Burundi kupitia mpaka wa Kobero pamoja na mke wangu Yustina, watoto wetu wawili wa kiume, godoro moja na sanduku la bati. Nilikulia Tanzania, nikasoma huko, nikafundisha shule ya kambini. Shule moja mjini Muyinga ilikuwa inatafuta mtu wa Kiingereza. Mkuu wa shule alinitazama kutoka nyuma ya meza yake, akaniuliza, "We unajua Kiingereza?" Nikajibu kwamba nakijua. "Bon. Kesho asubuhi." Usaili ukaishia hapo.

Siku ya kwanza niliingia darasani na chaki mbili mfukoni. Wanafunzi walicheka Kiswahili changu, wakasema naongea kama redio. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: *We have alot of work.* Wakanakili wote, kimya, kwa mwandiko mzuri. Kwenye dawati la nyuma alikuwa ameketi Mwalimu Athumani, mtu mzima wa familia ya mafundi cherehani pale mjini, kofia yake nyeupe kichwani. Alifundisha Kifaransa, na Kiingereza alikibeba kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Kipindi kilipokwisha akaniita pembeni, kwenye baraza.

"Mwalimu Anselmi, ile *alot* uliandika, iko neno moja ao iko mbili?"

"Moja," nikasema.

"Iko mbili. *A* peke yake, *lot* peke yake. Mi niliandika vile miaka mingi, njo maana nimeiona mbio. Kesho urudilie somo, uambie batoto ni we ulikosea. Usiseme ni chaki."

Kesho yake nikawaambia. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja alifuta kosa langu kwenye daftari lake taratibu sana, kana kwamba ananionea huruma.

Athumani alikuwa na kamusi moja iliyopotelewa na jalada na kurasa za mwanzo. Ilianzia kwenye neno *apple*. Kurasa zilizotangulia, binamu yake mwenye duka alikuwa amefungia chumvi. Kwa bahati mbaya *already*, *altogether* na *all right* yalikuwa humo humo kwenye chumvi, kwa hiyo maneno hayo ilibidi tuyajue kwa akili. Athumani alinifundisha njia mbili, nami naziacha kwenu. Ya kwanza, jaribu kuingiza neno lingine katikati. *Every single day* inasimama, basi *every day* ni mawili. Ya pili, weka neno lenye maana ileile mahali pake. Ukiweza kuweka *perhaps* na sentensi ikabaki nzima, andika *maybe* kwa pamoja. Ukishindwa, basi ni *may be*, na *be* hapo ni kitenzi kinachofanya kazi yake. Njia hizi hazifaulu kila mara. Zinafaulu kuliko kubahatisha.

Wanafunzi wetu walikuwa na sababu ya kukosea. Kirundi na Kiswahili hushikanisha. Ukisema "nitakuandikia" umeshasema nani, lini, unamfanyia nini na unamfanyia nani, na hujainua kalamu. Mwingereza anahitaji maneno matano kwa hilo. Siku moja Zubeda, binti wa muuza vitenge, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kwani kwao maneno yakikaa pamoja yanagombana?" Nilimwambia kwamba mengine yalioana zamani, mengine bado yanachumbiana, na kazi yetu ni kujua yapi yamefunga ndoa. Darasa lilikumbuka hilo kuliko sheria zote nilizoandika mwaka ule.

Sasa nifike kwa Serafina.

Serafina tulifundisha naye kambini, naye alirudi Muyinga miezi michache baada yetu, akapewa madarasa ya chini pale pale shuleni. Sijawahi kuona mwalimu asiyekosa siku kama yeye. Mara moja upepo ulipong'oa turubai la darasa, alifundisha mkono mmoja ukiwa na kitabu, mwingine umeshika nguzo. Alikuwa na kipaji, lakini hakuwa na cheti kinachotambulika. Kisha ikapatikana nafasi katika chuo kimoja cha Tanzania: masomo ya miezi kumi kwa walimu wa Kiingereza, na cheti ambacho kingempa haki ya kufundisha madarasa yote. Chuo kilitaka barua ya mtu anayemfahamu kwa muda mrefu. Alikuja kwetu Jumamosi na fomu zake kwenye mfuko wa plastiki.

"Kaka Anselmi, wewe umeniona tangu kambini," alisema. "Usinisifu. Andika ukweli tu."

Niliandika kwa kikao kimoja, na nikafurahishwa na mwandiko wangu. Nilitaka chuo kijue kwamba mtu huyu hakosi siku, kwa mvua wala kwa homa. Nikaandika: *Serafina is an everyday teacher.* Nikaongeza mistari miwili, nikatia sahihi, mkuu wa shule akagonga muhuri. Athumani sikumwonyesha. Nilikuwa nimeshaanza kujiona.

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. Serafina aliingia chumba cha walimu wakati wa mapumziko, barua mkononi, akasimama mbele ya meza yangu.

"Kaka, mimi ni mwalimu wa kawaida?"

"Nani kasema?"

"Wewe."

Akaiweka mezani. Chuo kilimshukuru kwa heshima zote. Kilisema kinatafuta walimu wanaojitokeza kati ya wenzao, na kwamba hata aliyemwandikia barua amemweleza kuwa ni mwalimu wa kawaida tu. Nikasema hapana, sikuandika hivyo, wamekosea. Nilikuwa na nakala ya karboni kwenye droo. Nikaitoa kwa haraka ya mtu mwenye haki, nikampa Athumani aliyekuwa amekaa karibu yetu. Akaisoma, akavua miwani.

"Umeishikanisha," akasema. "*Every day* mbili, ni siku zote. *Everyday* moja, ni kitu ya kawaida, kama sahani ya kulia nyumbani. Wale bantu walisoma kile uliandika. Hawakukosea."

Akanisogezea kamusi yake. Chumvi haikuwa kisingizio tena, kwa sababu kurasa za E zilikuwapo zote, safi. Neno lilikuwa pale, juu kulia, na maana yake imeandikwa kwa maneno matano. Ningelitafuta kwa dakika moja.

"Serafina," nikaanza.

"Kengele imelia," akasema. Akachukua boksi lake la chaki akatoka. Ukuta wa chumba cha walimu ulikuwa mwembamba, nikamsikia akiwasomesha watoto, na wao wakiitikia. Mimi nilikuwa na kipindi pia, lakini Athumani alinitazama, akachukua daftari langu la maandalizi, akaenda kunifundishia bila kuniuliza.

Siku hiyohiyo niliandika barua ya kueleza kosa langu. Athumani aliisoma mara mbili kabla sijaifunga. Sikuiamini posta. Nilipanda gari hadi Kobero, nikamkabidhi dereva wa lori niliyefahamiana naye anayepita mji wa chuo kile. Chuo kilijibu kwa wema. Walielewa, walisikitika, lakini nafasi zilikuwa zimejaa. Aombe tena mwaka unaofuata.

Kwa majuma mengi Serafina alinisalimia asubuhi na kuniaga mchana, basi. Hakunisema kwa mtu. Ningependa angenisema.

Mwaka uliofuata alikuwa mjamzito, hakuomba. Mwaka wa pili alikuja kwetu tena na fomu, ila safari hii alikuwa na mtoto mgongoni, Divine, wa miezi minane. Mumewe alikuwa Bugendana akijenga upya kwenye kilima cha baba yake, bado analala chini ya turubai kati ya matofali mabichi. Serafina hakukaa.

"Barua ya maombi nimeandika mwenyewe," alisema. "Ya shahidi ataandika Mwalimu Athumani. Wewe utapeleka bahasha posta."

Nikapeleka bahasha. Sijawahi kubeba kitu kwa uangalifu vile.

Alikubaliwa. Ndipo tukasoma sharti dogo mwishoni: bweni halipokei watoto wachanga. Safari ya kwanza sharti hilo lisingemgusa. Serafina aliliona, nami niliona kwamba ameliona. Alikunja barua akasema itabidi aache, kwa kuwa chini ya turubai mtoto angekufa kwa baridi, na mama yake mzazi hakuwapo tena. Tulikuwa nyumbani kwetu. Yustina alikuwa anachambua maharagwe mlangoni, na mimi nilidhani hasikilizi.

"Mlete," Yustina akasema.

"Miezi kumi, dada," Serafina akamjibu.

"Nimesikia ni kumi. Mlete."

Tulimsindikiza hadi Kobero. Malori yalikuwa yamepanga mstari, wabadilisha fedha wakiita, wapagazi wakigombea mizigo. Serafina alimnyonyesha mtoto kwenye ngazi ya duka lililofungwa, akamfuta mdomo, akampa Yustina. "Safari ile nilivuka hapa na godoro kichwani," aliniambia. "Leo nina begi tu." Akaenda kwenye dirisha la paspoti na hakugeuka. Yustina alimfunga Divine mgongoni kwa kitenge, akaanza kutembea kuelekea kwenye magari kabla mtoto hajaelewa.

Mtoto alilia siku tatu. Siku ya nne alikula uji. Mwaka huo nilisahihisha insha huku Divine yuko mapajani, na kalamu nyekundu mara nyingi ikiwa kinywani mwake kuliko mkononi mwangu. Baadhi ya wanafunzi walirudishiwa madaftari yenye uji. Alijifunzia kutembea darasani kwangu siku ya Jumamosi, akishika dawati moja hadi lingine. Athumani alimshonea gauni kwa mabaki ya vitambaa vya kaka zake, likawa na rangi tano. Kila jioni Yustina alimwonyesha picha ya Serafina na kumwambia, "Huyu ndiye mama." Divine aliibusu picha, kisha akageuka akamwita Yustina mama.

Mwaka huo pia Athumani alileta daftari gumu lenye jalada la kijani, lile mnalolijua wengine. Alisema kila mwalimu aandike humo maneno yaliyomshinda, pamoja na sentensi aliyoikosea na jina lake. Sharti lilikuwa moja: makosa yako tu, si ya mwanafunzi wala ya mwenzako. Ukurasa wa kwanza ni wangu. Baada ya hapo niliona kwamba mwalimu akishaandika kosa lake kwa wino, hapigi tena kelele darasani kwa kosa kama hilo.

Serafina alirudi na cheti. Divine alipomwona alijificha kwenye sketi ya Yustina akapiga yowe. Serafina alikaa chini sakafuni, mbali kidogo, akafungua begi lake, akaanza kukunja nguo zake moja moja kana kwamba hana haja na mtu. Alikaa kwetu siku nane namna hiyo. Hakumlazimisha mtoto. Siku ya tisa Divine alijikwaa kizingitini, akainuka na damu gotini, akamkimbilia aliyekuwa karibu. Alikuwa Serafina. Siku iliyofuata waliondoka kwenda Bugendana, ambako nyumba ilikuwa imeezekwa. Yustina aliosha kikombe cha mtoto, akakiweka kabatini juu, akarudi kwenye kazi zake.

Miaka ilipita, nikahamishiwa Gitega, kabla mji haujajaa wizara na pikipiki hizi zote. Huko ndiko nilikokutana na wengi wenu. Nitataja kisa kimoja tu, kwa sababu aliyekifanya atacheka akikisoma. Mwalimu kijana aliniletea insha ya mwanafunzi aliyeeleza siku ya kuondoka kambini. Mwanafunzi aliandika: *My mother looked at us. We were all ready.* Mwalimu alikuwa ameikata kwa wino mwekundu na kuandika *already* juu yake.

"Umemwuliza alikuwa anataka kusema nini?" nikamwuliza.

"Si kosa linaonekana, mwalimu?"

Tukamwita kijana. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba walikuwa wamekaa juu ya mizigo, yeye na ndugu zake wanne, viatu miguuni tangu alfajiri, na mama yao akawatazama mmoja mmoja kuona kama kila mtu yuko tayari. Wote. Tayari. Maneno mawili, na alikuwa ameyaandika sawasawa. Mwalimu alimwomba radhi palepale, mbele yangu, nami nikamheshimu tangu siku ile. Kama mtachukua neno moja tu kwangu, chukueni hili: kabla ya kukata, muulizeni mtoto alitaka kusema nini. Nusu ya mara utakuta amekosea kweli. Ile nusu nyingine ndiyo inayonifanya niandike haya.

Athumani alistaafu kabla yangu. Yuko Muyinga, anapima watu suruali katika duka la kaka zake, na wateja wanaonichukulia salamu wanasema bado anawasahihisha Kifaransa huku pini ziko mdomoni. Serafina alipanda madarasa yote, na sasa anafundisha walimu. Nusu yenu mmepita mikononi mwake. Divine anasomea uuguzi hapa Gitega na anakaa kwetu, kwenye chumba walichokihama wanetu. Kiingereza hakipendi hata kidogo. Anasema kinamkera.

Mliponiaga mwezi uliopita, mlimpa Serafina nafasi ya kusema, naye akasimulia habari ya barua. Hakuwahi kuisimulia mbele ya watu. Aliisimulia vizuri, mkacheka, nami nikacheka. Divine alikuwa ameketi katikati ya mama zake wawili na sahani ya wali. Hakucheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia.

"Kwa hiyo nilikaa kwa Mama Yustina kwa sababu baba Anselmi alisahau kuacha nafasi?" akauliza.

"Ndiyo," Serafina akasema.

Divine akageukia upande wa pili. "Nililia sana?"

"Siku tatu," Yustina akamjibu. "Halafu ulipoondoka nikalia mimi. Zangu zilipita tatu. Nilikuwa nakwenda kisimani mara mbili mbili nikalie huko, nyumbani wanadhani maji yamekwisha."

Alilisema kwa utulivu, huku anaondoa mfupa kwenye sahani ya Divine kama bado ni mtoto. Wengi wenu mlikuwa mmeshaanza kuongea mambo mengine. Serafina hakuwa ameanza. Alinyoosha mkono juu ya mapaja ya binti yake, akaushika mkono wa Yustina, wakakaa hivyo mpaka soda zilipoletwa.

Miaka yote hiyo nilijua nimemkosea mtu mmoja. Nilimwomba Serafina msamaha kwa barua, kwa mdomo, kwa kubeba bahasha na kwa kulea. Aliyelea hasa alikuwa amelala pembeni yangu kila siku, na maji ya kisima nilikuwa nayaoga.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, jua bado lipo, barabara ya sokoni imejaa baiskeli. Divine alikuwa ametangulia na wenzake. Yustina alibeba sufuria ya wali uliobaki, amefunga mfuniko kwa kitambaa.

"Yustina," nikasema, "wewe sikukuomba msamaha."

Alikaza kwanza kitambaa cha mfuniko.

"Hukuniomba," akasema. "Nilikuwa nasubiri ustaafu upate muda."

Kisha akanipa ile sufuria nibebe, akanishika mkono uliobaki, tukapandisha kilima.